Jina Lililotoka kwenye Flashi

Juma lililopita, siku ya Jumatano asubuhi, nilikuwa nikifua nguo za mwanangu nilipogusa kitu kigumu ndani ya mfuko wa suruali. Ilikuwa flashi yenye kifuniko chekundu, imejaa povu. Nilisimama nayo mkononi huku maji yakinichuruzika hadi kwenye viwiko. Mwanangu alipotoka na kuniona, alicheka. "Mama, usiogope hivyo. Itakauka na itafanya kazi." Hakujua kwamba mawazo yangu hayakuwa kwenye masomo yake. Nilikuwa nimerudi kwenye barabara ya bandari ya Kalemie, nina umri wa miaka kumi na mmoja, na harufu ya petroli ya jenereta imenijaa puani.

Mwaka sitautaja. Wenye umri wangu waliokulia kandokando ya ziwa letu hawahitaji kutajiwa. Wanaukumbuka kwa treni isiyofika, na kwa madarasa yaliyogeuka malazi ya watu waliokimbia Nyunzu na Kabalo. Siku za juma, hizo ninazikumbuka zote, moja baada ya nyingine, na msomaji ataona kwa nini.

Mama yangu alifariki kabla sijaota meno. Aliyenilea ni Shangazi Zuhura, dada mkubwa wa Papa, ambaye Mungu hakumjalia mtoto. Tulikaa nyumba moja, upande wa huku wa daraja la Lukuga: Papa, Shangazi, mume wake Papa Ramazani, na mimi. Papa Ramazani alikuwa mfanyabiashara wa baiskeli, zile ambazo sisi huziita kinga. Alipakia chumvi, sabuni na vitenge, akasukuma zaidi kuliko kupanda, akaenda kuuza huko ndani. Alikuwa mtu wa mzaha. Alipoondoka safari ile kwenda Kiambi, alimwambia Shangazi, "Nikichelewa, usioleke na muntu mufupi. Utanipatisha haya." Vita vilifunga njia nyuma yake. Miezi saba ikapita bila neno lolote.

Papa alikuwa karani wa kamati iliyoandika majina ya watu waliotawanyika. Karatasi zilimfikia kutoka kila upande, zimekunjwa ndani ya viatu na ndani ya mikate: fulani yuko Manono kwa jamaa zake, fulani yuko Niemba na watoto wawili. Papa aliyaingiza majina hayo kwenye flashi ndogo nyeusi aliyoletewa na rafiki yake kutoka Kigoma. Kitu hicho kilikuwa kigeni mjini kwetu, na kilichonishangaza zaidi ni kwamba programu yenyewe ya kuandikia majina ilikaa ndani ya flashi. Papa hakuwa na kompyuta. Aliichomeka kwenye mashine yoyote aliyoruhusiwa kuigusa, programu ikafunguka, akafanya kazi yake, akaifunga, akaondoka. Mashine haikubaki na kitu.

Nilimwuliza sababu. Alinijibu polepole, kama alivyozoea.

"Mwanangu, orodha ya majina wakati wa vita ni moto ndani ya nyasi. Mashine hizi zote zitaibiwa siku moja. Nataka wakiziiba, wasikute muntu hata mumoja ndani. Programu iko humu, majina yako humu. Mashine tunaiazima kioo chake tu."

Kisha akanipigapiga begani na kusema maneno ambayo hayakunitoka tena: "Aliye humu, njo muzima." Yaani, aliye humu ndiye aliye hai.

Sikuwa ninajua kusoma. Shule yetu ilifungwa kabla sijamaliza hata mwezi mmoja wa darasa la kwanza. Lakini tarakimu nilizijua kwa kuuza dagaa pamoja na Shangazi, na chini ya kioo, pembeni, programu ile iliandika idadi ya majina yaliyomo. Kwangu mimi idadi hiyo ilikuwa hesabu ya watu walio hai. Nilimwona Papa akiondoa jina kwa sababu mbili tu: mtu amefika kwao, au mtu amekufa. Siku moja habari ilikuja kwamba mzee mmoja wa Kabalo amefariki njiani. Papa alisoma dua, akabonyeza kidole kimoja, na tarakimu pembeni ikapungua kwa moja. Tangu siku hiyo niliiona flashi ile kuwa nyumba. Watu walikaa ndani yake, wamejibana, na Papa aliwatembeza mjini mfukoni mwake, karibu na tasbihi.

Kisha jina la Papa Ramazani likafika. Lilikuwa kwenye karatasi iliyotoka Kiambi: yuko hai, amehifadhiwa kwa mkulima mmoja, mguu wake unamsumbua. Shangazi hakupiga kelele. Aliingia chumbani, akakaa muda mrefu, akatoka amejipaka wanja.

Toka hapo, kila Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri, tulikwenda naye kwenye biro, yaani ofisi, ya Papa Selemani, mchapa barua wa karibu na bandari, ambaye Papa aliitumia mashine yake. Shangazi alisoma Kurani vizuri sana, lakini herufi za Kizungu hazikuwa zake. Kwa hiyo Papa alimtafutia jina, naye akaweka ncha ya kidole chini yake, pale pale kwenye kioo.

Papa Selemani hakuweza kujizuia kumtania. "Mama Zuhura, kila Ijumaa unakuja kuangalia bwana! Siku moja atatoka kwa kioo akuombe chai."

"Atoke tu," alijibu Shangazi. "Chai iko. Wewe njo hutapata."

Ijumaa ya tatu, Shangazi alipokwisha kuligusa jina na kutangulia nyumbani, Papa aliendelea kuandika. Kazi yangu ilikuwa kuchomoa flashi, lakini kwa amri. Papa alikuwa amenifundisha: programu ifungwe kwanza, kitaa kidogo kiache kupepesa, naye aitikie kwa kichwa, ndipo nivute. Siku hiyo mtu alimwita mlangoni. Jenereta ilinguruma, Papa alikuwa amenigeuzia mgongo, na mimi nilitaka aone kwamba nimekua. Nilivuta. Kitaa kilikuwa bado kinapepesa. Kioo kilitetemeka, yakatokea maandishi nisiyoyajua, kisha kikatulia. Nikafunika kifuniko, nikampa Papa flashi yake. Aliitia mfukoni bila kuniuliza.

Kesho yake, Jumamosi, alisafiri kwenda Niemba na wenzake wa kamati kukusanya majina mengine. Vizuizi vya askari vilikuwa vingi, na kila mfuko ulipekuliwa. Flashi aliiacha kwa dada yake. Shangazi aliifunga kwenye pindo la kitenge chake, mahali ambapo wanawake wengine hufunga pesa.

Ijumaa iliyofuata biro haikufunguliwa kwa kukosa petroli. Ijumaa ya pili, siku ya kumi na tatu tangu Papa aondoke, tulikwenda.

Watu walikuwa wamejipanga hadi nje. Papa Selemani alituonea huruma, akatupitisha mbele. Alichomeka flashi, programu ikafunguka, akaandika jina kama alivyomwona Papa akifanya. Hakuijua programu ile zaidi ya kile kisanduku cha kuandikia jina.

"Hakuna," alisema.

"Angalia vizuri, ndugu yangu."

Akaandika tena. Safari hii hakutania. "Mama, ninaangalia. Hakuna."

"Lilikuwa hapa." Shangazi aliweka kidole kwenye kioo, mahali pake pale pale, na chini ya kidole chake palikuwa peupe. "Nimeliona kwa macho yangu. Papa wa huyu mutoto anaondoa jina kwa nini?"

Papa Selemani alitazama watu waliokuwa wakingoja, akatazama kibodi. "Akifika kwake," alisema. Hakumalizia.

"Kwangu hajafika," alisema Shangazi.

Wala hakuna aliyekumbuka kwamba Papa alikuwa Niemba na hakuweza kufuta kitu kilichofungwa kwenye pindo la kitenge. Huzuni haina mahesabu. Au labda walidhani kwamba alilifuta kabla ya kuondoka, akashindwa kumwambia dada yake kwa mdomo.

Mimi sikufikiri hivyo. Mimi nilikuwa nimetazama pembeni, chini ya kioo. Tarakimu iliyokuwa pale ilikuwa sifuri.

Leo ninaelewa: nilikatisha programu ilipokuwa ikiandika, orodha ikaharibika, nayo ilipofunguliwa tena ikaanza na ukurasa mtupu. Ni jambo dogo, linalotokea. Lakini siku ile nilielewa jambo jingine kabisa. Nilielewa kwamba nilivuta mlango wakati watu walikuwa bado hawajakaa, na nikawamwaga wote. Si Papa Ramazani peke yake. Wale wa Manono, wale wa Niemba, yule mama na watoto wake wawili. Nilikuwa nimewaua kwa vidole viwili. Laiti ningesema, "Shangazi, si jina moja, ni yote," mtu mzima yeyote angeng'amua kwamba kilichokufa ni kitu, si watu. Sikusema. Nilishika kitenge chake, tukapita katikati ya watu, tukaenda nyumbani.

Matanga yaliwekwa jioni ile ile. Majirani walileta mikeka, kuni, unga wa muhogo. Wanawake wa msikitini walikaa na Shangazi chumbani, wakamvalisha nguo za eda. Miezi minne na siku kumi. Nami nilipokuja kukaa eda yangu mwenyewe, miaka mingi baadaye, nilijua tayari urefu wa kila siku yake, kwa kuwa nilikwisha kuzihesabu mara moja kwa niaba ya mwingine.

Siku ya tatu, Jumapili, mchana, alifika mtu na kinga. Alikuwa amejaa vumbi mpaka kwenye kope, na tairi lake la nyuma lilikuwa limefungwa kwa kamba za magome. Alisimama kwenye kona ya ua, akatazama mikeka, akatazama sufuria.

"Hapa njo kwa Papa Ramazani?" aliniuliza.

"Njo hapa."

"Na hii ni matanga ya nani?"

"Ni yake."

Alivua kofia. Kisha akaniomba maji, nikamletea.

Kwetu, mtu akikuta matanga hasemi jambo lililomleta. Awe amekuja kuposa mke, awe amekuja kudai mbuzi, hukaa kwanza mkekani, hutoa pole, hula kinacholiwa, na neno lake hulimeza hadi siku nyingine. Ni adabu, na hakuna anayemfundisha mwenzake, tunazaliwa nayo. Yule mtu alikaa na wanaume, akasoma nao dua, akala ugali na dagaa. Kabla ya jua kushuka alikwenda kusimama nje ya dirisha la Shangazi na kusema, "Mama, pole sana. Nilimujua. Alikuwa muntu wa kuchekesha." Shangazi alimjibu kutoka ndani, "Asante, baba. Mungu akulipe." Jumatatu alfajiri alikuwa ameondoka.

Siku kumi na nane zilipita. Nilichota maji ambayo hayakuhitajika. Nilifagia ua mara tatu kwa siku. Shangazi alipofumba macho, nilikaribia kuona kama kifua chake kinapanda, maana nilihofu kwamba mtu niliyekwisha kumwua mume wake anaweza kumfuata. Alidhani ninampenda kwa namna mpya. Alininyoosha nywele kwa kiganja na kuniita mama yake.

Siku ya ishirini na mbili ya eda, Ijumaa, Papa alirudi. Hakuwa peke yake. Yule mtu wa kinga alikuwa nyuma yake, amekonda zaidi, anatazama chini.

Papa hakuingia ndani kwanza. Alisimama mlangoni na kuita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Zuhura! Dada! Toa nguo hizo. Eda ya muntu muzima haiko."

Kisha mtu wa kinga akasimulia, amesimama vilevile, hakutaka kiti. Papa Ramazani ndiye aliyemtuma. Mguu ulikuwa umeoza chini ya goti na ulikataa safari. Ujumbe ulikuwa huu: mke wangu aje, alete dawa, aje upesi, kabla mvua hazijafunga njia. Mtu huyu aliposhika njia kuja Kalemie, alimwacha mgonjwa. Alipokuta matanga, alifikiri mgonjwa alikufa nyuma yake na habari imempita kwa redio ya upepo, ile ya kuitana mji kwa mji. Akatoa pole, akarudi zake. Na alipofika Kiambi, alimkuta Papa Ramazani amekaa nje ya nyumba ya mwenyeji wake, mguu juu ya kigoda, anatazama barabara.

"Aliniuliza, 'Mke wangu yuko wapi?'" alisema mtu wa kinga. "Nikamwambia, 'Kaka, nilikuta matanga yako.' Alicheka mupaka machozi. Aliniuliza nani walikuja. Aliniuliza walipika nini. Nikasema dagaa. Akasema, 'Dagaa tu? Na mimi nilikula mbuzi kwa matanga zao wote!'" Mtu huyo alijifuta uso kwa kofia. "Halafu aliacha kucheka. Akasema, 'Rudi. Mwambie bado niko.'"

Mtu wa kinga alipogeuka kurudi kwetu, alikutana na Papa kule Niemba.

Papa alichomeka flashi jioni ile kwa Papa Selemani na kukuta sifuri. Alirudi na kusema kwamba vumbi na joto viliiharibu. "Vitu hivi vinakufa vyenyewe," alisema. Hakuniangalia. Mlango wa kuungama ulikuwa wazi mbele yangu, nami nikaona jinsi ilivyokuwa rahisi kutoupita. Zaidi ya hayo, Papa Ramazani alikuwa hai! Sikuwa nimeua mtu. Nililala usingizi mzito kuliko usiku wote uliotangulia.

Jumamosi Shangazi alipanda nyuma ya kinga ile, amevaa kitenge cha manjano, dawa zimefungwa kifuani. Alikuwa na miaka hamsini hivi, na hakuwahi kupanda baiskeli maishani mwake. Majirani waliomlilia mume wake walisimama kando ya barabara wakimpigia vigelegele, na mmoja akapaza sauti, "Mwambie aturudishie machozi yetu!" Shangazi alicheka. Niliona meno yake.

Walikwenda siku tisa, kwa sababu mvua ziliwahi. Kwenye mto walingoja siku mbili. Alipofika Kiambi, Papa Ramazani alikuwa na siku nne kaburini.

Shangazi alirudi Kalemie kwa miguu, pamoja na wanawake waliokuwa wakipeleka mihogo Niemba. Ilikuwa Jumanne. Aliingia nyumbani, akaoga, akavaa tena zile nguo alizozivua, akachukua mkeka mmoja, akautandika uani. Alikaa.

Hakuja mtu.

Si kwamba watu walikuwa wabaya. Mtu halii matanga mara mbili. Chakula cha Papa Ramazani kilikwisha kuliwa, dua zake zilikwisha kusomwa, na kuja tena kulikuwa kama kumwita mauti kwa jina. Wengine waliona haya, kwa sababu walikuwa wamepiga vigelegele. Walipita barabarani, wakainamisha vichwa, wakaongeza mwendo. Papa alisoma dua peke yake asubuhi, kisha akaenda kuanza orodha upya, mlango kwa mlango, karatasi kwa karatasi. Baadhi ya majina yale hayakupatikana tena.

Siku ya kwanza Shangazi alikaa peke yake. Siku ya pili alikaa peke yake. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, ninamwona mgongo. Siku ya tatu, Alhamisi, alasiri, nilitoka. Nilisimama ukingoni mwa mkeka na kumwambia yote: kitaa, mkono wangu, kioo kilivyotetemeka. Nilimwambia kuhusu sifuri.

Alinisikiliza bila kugeuka. Kuku walikuwa wakichakura mahali ambapo sufuria za matanga ya kwanza ziliacha majivu.

"Uliona hiyo sifuri siku ile ile?" aliniuliza.

"Ndiyo, Shangazi."

"Ukaogopa nini?"

"Niliwaua."

Nilingoja aniambie kwamba mimi ni mtoto, kwamba ni kazi ya Mungu. Watu wazima wote husema hivyo. Shangazi Zuhura hakuwa mwanamke wa kusema kile ambacho wote husema.

"Kuvuta ni utoto," alisema mwishowe. "Kila mutoto anavuta kitu. Lakini siku ile ungesema, ningekwenda. Ningemukuta."

Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na hakukuwa na msamaha pia. Alikuwa akiniambia jambo kama lilivyo, mimi nikiwa mtu wa kwanza na wa pekee aliyekuja. Kisha akavuta nguo yake upande mmoja, akasogea, hata nusu nzima ya mkeka ikabaki tupu.

"Kaa," alisema. "Umulilie sasa. Safari ya kwanza hukumulilia, nilikuona."

Nikakaa.